Mtoto aliyeandika 'madzi' hajakosea vile unavyodhani

Chukua daftari la mtoto wa gredi ya pili kule Ganze ama Marafa. Ameambiwa aandike sentensi kuhusu kazi za nyumbani, naye kaandika: "Mama ameenda kuteka madzi." Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, anachora mkasi mkubwa juu ya hilo neno la mwisho, anaandika "maji" pembeni na kuhamia daftari la pili. Kesho mtoto ataandika "mudzi" badala ya "mji" na atachorewa mkasi mwingine. Ikifika mwisho wa muhula, ripoti inasema mtoto ni mzito wa kuelewa.

Sasa niulize swali la kijinga: huyo mtoto amekosea nini hasa?

Tazama vizuri. Maji, madzi. Mji, mudzi. Jana, dzana. Njaa, ndzala. Hapo hakuna mtoto anayebahatisha. Mahali pengi ambapo Kiswahili kinasema "j", Kigiriama kinasema "dz". Ni kanuni kabisa, na inanyooka kuliko zile za Kiingereza tulizokaririshwa. Ziko nyingine: moto ni moho, tatu ni hahu. Na hiyo "ndzala" imeshikilia "l" ambayo Kiswahili kiliiangusha zamani kikabaki na "njaa" tu. Yaani mtoto wa Marafa anatoka nyumbani na neno lililo la kale kuliko lililo kwenye kitabu, halafu anaambiwa hajui.

Wataalamu wa lugha wanazijua hizi habari kitambo. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha kitabu kizima kuhusu ukoo wa lugha unaokusanya Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Ukoo huo unaitwa Sabaki. Ndiyo, Sabaki hii hii, mto unaoingia baharini kaskazini kidogo mwa Malindi, ule unaouvuka ukienda Mambrui kwa tuktuk. Lugha zetu zimepewa jina la mto wetu kwenye maktaba za ulaya na Marekani, ila mwalimu anayesahihisha daftari kilomita chache kutoka mto wenyewe hajawahi kuambiwa. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha.

Na hapo ndipo kwenye hoja yangu. Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yakitoka, wimbo ni ule ule: Pwani imebaki nyuma. Viongozi wanalaumu disko matanga, mnazi, bodaboda na mimba za mapema. Wazazi wanalaumu simu. Kila mtu analaumiwa isipokuwa watu wanaofundisha walimu. Wale maprofesa wa elimu, idara za elimu, vyuo vya ualimu. Hao wanapita salama kila mwaka.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hiyo sijifanyi msomi hapa. Lakini kusoma sikuacha, na kuna profesa mmoja wa elimu ambaye nikimsoma naona kama alishawahi kuteremka pale stendi ya Malindi akazunguka Ganze na Bamba wiki nzima. Anaitwa Gloria Ladson-Billings. Ni Mmarekani mweusi, alizaliwa Philadelphia, akafundisha shule za umma za mji huo miaka kadhaa kabla hajawa mhadhiri, halafu akafanya kazi muda mrefu Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison. Maisha yake yote ya kazi yamekuwa mambo mawili: kufunza walimu, na kuuliza inakuwaje mwalimu anapofundisha watoto wa utamaduni usio wake.

Alichofanya ni rahisi mpaka unashangaa kwa nini hakikufanywa mapema. Wenzake walikuwa wanauliza watoto weusi wana kasoro gani. Yeye akageuza swali: ni walimu gani wanaofaulu na watoto hawa, na wanafanya nini? Kuwapata hao walimu hakwenda ofisini kuchukua majina peke yake. Aliwauliza wazazi, akawauliza na walimu wakuu, kisha akachukua wale waliotajwa pande zote mbili. Akabaki na walimu wanane, akakaa madarasani mwao. Kitabu kilichotoka humo, The Dreamkeepers, kilichapishwa 1994 na bado kinasomwa na wanaosomea ualimu huko.

Kwenye wale wanane, watano walikuwa weusi na watatu wazungu. Hiyo namba nitairudia mbele, kwa hiyo usiisahau.

Mwaka 2006, akiwa rais wa chama cha watafiti wa elimu cha Marekani, alisimama mbele ya wenzake akawaambia waache kuzungumza juu ya "pengo" la matokeo kati ya watoto weusi na weupe. Hilo si pengo, akasema, ni deni. Deni la miaka mingi ya kunyimwa shule, kunyimwa pesa, kunyimwa sauti. Mtu mwenye pengo unamwambia akimbie haraka afikie wenzake. Mtu unayemdai, unamwambia alipe. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ukilileta hilo neno Kilifi, linakaa. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma nyumba za Wagiriama na kuwafukuza kwenye ardhi nzuri ya kaskazini mwa Sabaki, yote kwa sababu walikataa kutoa vijana wa kufanya kazi na kubeba mizigo ya vita. Mekatilili tunamjengea sanamu Malindi na kupiga naye selfi, lakini hatujiulizi watoto wa wale waliochomewa nyumba walianza shule lini, na wapi, na nani aliwafundisha kwa lugha gani. Ukianza kuhesabu kutoka hapo, "Pwani imebaki nyuma" ni sentensi isiyo na mtendaji. Kuna aliyeiacha nyuma.

Lakini sitaki kukaa Marekani sana, manake hapa kwetu alikuwepo mtu aliyeifanya kazi hii kabla hata kitabu cha yule profesa hakijatoka. Hakuwa profesa. Alikuwa Bi Swafiya Said wa Mombasa, mwalimu wa siku nyingi.

Miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi. Watoto walikuwa wanapita chuoni, yaani madrasa, wanahifadhi Kurani vizuri, lakini wakifika darasa la kwanza wanajikuta nyuma ya wenzao waliopitia shule za chekechea za mjini. Wazazi nao walikuwa na hofu yao: kumpeleka mtoto wa miaka minne mahali ambapo dini na adabu ya nyumbani zitaachwa mlangoni. Wakfu wa Aga Khan ukakubali kusaidia, na Bi Swafiya ndiye aliyepewa kazi.

Alichokifanya: hakuagiza walimu kutoka mbali. Aliingia mitaani, akakaa na wazee wa msikiti na akina mama, akawaomba wachague wanawake wa pale pale mtaani. Wengi wao hawakuwa wamesoma sana. Hao ndio akawafunza ualimu wa watoto wadogo. Wakajifunza kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vifuu, makuti, mbegu na vizibo vya chupa. Nyimbo na hadithi za nyumbani zikaingia darasani, Kiswahili cha nyumbani kikaingia, dini ikabaki mahali pake, na hesabu na kusoma vikafundishwa kwa mchezo badala ya kiboko. Shule ilikuwa ya mtaa wenyewe. Kamati ilikuwa ya mtaa wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 mpango huo ulikuwa umevuka bahari hadi Zanzibar, kisha ukaingia Uganda. Mwaka 2008 watafiti watatu, mmoja wao Mkenya Peter Mwaura, walichapisha tathmini yao baada ya kuwapima watoto wa nchi zote tatu. Waliopitia shule hizo walikuwa wamepiga hatua kubwa kuliko waliobaki nyumbani, na waliwapita hata wale wa chekechea nyingine.

Sasa fikiria. Mpango wa kufunza walimu uliozaliwa Mombasa, uliopimwa na watafiti, unaoanza na nyumba ya mtoto badala ya kuikimbia. Umewahi kuusikia ukitajwa kwenye mjadala wa elimu ya Pwani? Mimi nimeusikia kwa mama mmoja Muyeye aliyekuwa mwalimu wa chekechea, si kwa mwanasiasa wala mhadhiri. Binamu yangu anasomea ualimu, yuko mwaka wa tatu. Nilimuuliza kuhusu Bi Swafiya, hamjui. Nikamuuliza kuhusu Piaget na wale wenzake wa Ulaya, akanitiririkia dakika kumi bila kituo. Sina ubaya na Piaget. Lakini yeye hatakuwepo Vitengeni Jumatatu asubuhi watoto sitini wakiwa wamekaa chini ya mwembe.

Kilifi tuna chuo kikuu chetu. Kilianza kama taasisi ya kilimo, 2007 kikawa chuo kishiriki cha Kenyatta, na 2013 kikapata hati yake kamili kikawa Chuo Kikuu cha Pwani. Kitivo cha elimu kiko pale, na kila mwaka kinatoa walimu. Ukitoka langoni ukashika barabara ya kuelekea ndani, haikuchukui saa nyingi kufika kwa mtoto anayeandika "madzi". Nadhani hakuna mahali pengine Kenya ambapo profesa wa elimu amewekwa karibu hivyo na swali kubwa la kazi yake. Ladson-Billings alilazimika kuwatafuta walimu wake kwa kuuliza makanisani na mashuleni. Hapa mtu anapanda matatu ya Ganze tu.

Na serikali haijakataza. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishasema watoto wa miaka ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasani 2019 ukaweka lugha za asili kwenye gredi za chini. Karibu miaka hamsini sera inasema ndiyo. Lakini sera haishiki chaki. Anayeshika chaki ni mwalimu, na mwalimu atafundisha alivyofundishwa. Kama yeye mwenyewe alivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kigiriama, na chuoni hakuna aliyekaa naye akamwonyesha njia nyingine, atavalisha wengine kibao. Sisi wa umri huu tunakijua kile kibao. Kilikuwa kinazunguka darasa zima, na jioni mwenye nacho anakula viboko. Nilichojifunza kwa kibao ni kunyamaza.

Najua kuna mtu ashaanza kukasirika. "Kwa hiyo unataka walimu wa kabila lako tu?" Ngoja.

Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilianza kuhamisha walimu mbali na makwao kwa jina la umoja wa kitaifa. Kelele zikapigwa, vyama vikalia, wabunge wakaingilia kati, na baadaye walimu wengi wakaanza kurudishwa kaunti zao. Pande zote mbili zilikuwa zinagombania swali moja tu: mwalimu anatoka wapi? Hakuna aliyeuliza swali la pili: mwalimu huyo, popote alipotoka, amefundishwa nini kuhusu watoto anaokwenda kuwafundisha? Ukimtoa Mkisii Kisii ukamtupa Bamba bila neno moja la Kigiriama, hujajenga umoja wowote. Umejenga upweke wa watu wawili, wake na wa mtoto. Ukimrudisha kwao ukamleta mtu wa Kaloleni, hujatatua pia, manake wapo walimu wetu wenyewe, majina yao Kazungu na Kadzo, ambao wakishavaa tai wanawadharau watoto wa vijijini kuliko mgeni yeyote. Hao ndio waliotupiga sana, tuseme ukweli.

Kumbuka ile namba niliyokuomba usiisahau. Watatu kati ya wale wanane walikuwa wazungu wanaofundisha watoto weusi, na wazazi weusi wenyewe ndio waliowataja. Kilichowafanya wafae si ngozi. Waliwaheshimu watoto, waliijua mitaa yao, na waliamini kwamba kile mtoto anachokuja nacho ni mtaji. Mambo hayo yanafundishika, na kazi ya kuyafundisha ni ya idara ya elimu.

Pingamizi la pili ni la wazazi, na hili lina uzito. Mama wa Marafa anajua mwanawe akijua Kiingereza atapata kazi hoteli Watamu, na akijua Kitaliano Malindi ndiyo kabisa. Atakuuliza: Kigiriama kitamlisha? Mimi simbishii. Lakini hakuna aliyesema mtoto abaki na "madzi" mpaka chuo kikuu. Mwalimu anayejua kanuni ya "dz" na "j" anaweza kuichora ubaoni asubuhi moja: nyumbani tunasema hivi, kitabuni tunaandika hivi. Mtoto anacheka, anashika, anaendelea, na kuanzia hapo anajua kwamba lugha zina mpangilio, jambo litakalomsaidia hata akifika kwenye Kitaliano chake. Mikasi mia moja ya kalamu nyekundu haiwezi kumfundisha hilo.

Na hata Waswahili wa mjini wasijione wako salama. Kiswahili sanifu kilisimikwa juu ya Kiunguja, kamati ya lugha ya 1930 ikaiendeleza kazi hiyo. Mtoto wa Mvita anayesema "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia, lugha ya mashairi makubwa ya Pwani hii, naye anachorewa mkasi. Kwa hiyo Mswahili na Mgiriama, ambao mtaani hawaishi kutaniana, kwenye daftari wamekaa benchi moja.

Kuna pingamizi la tatu ambalo sina jibu lake kamili. Twende Kisumu Ndogo, Malindi. Darasa moja lina Mgiriama, Mjaluo, Mkamba, Mbajuni, Mpokomo, Msomali, na pengine mtoto ambaye baba yake ni Mtaliano aliyerudi kwao. Lugha ya eneo hapo ni ipi? Kwa karatasi ni Kiswahili, sawa. Lakini kumjua mtoto ni zaidi ya lugha: anakula nini, anaamka saa ngapi, mfungo ukiingia anakuwaje, nani anamlea, kwa nini Ijumaa hayupo. Hakuna mwalimu atakayejifunza tamaduni saba. Anachoweza kujifunza ni namna ya kuuliza bila kudharau. Bi Swafiya aliwaita akina mama waingie darasani wasimulie hadithi. Mama wa Kijaluo na mama wa Kibajuni kwenye mkeka mmoja, watoto wanasikiliza. Haina gharama hata ya bando.

Kwa hiyo naomba nini? Kozi moja kuhusu lugha za ukoo wa Sabaki kwa kila anayesomea ualimu huku Pwani, awe Kilifi ama Shanzu, na iwe ya lazima. Wazee wa kaya na walimu wastaafu waalikwe kufundisha sehemu yake na walipwe, si kupewa soda na kupigwa picha. Mpango wa Bi Swafiya usomwe kama vile Piaget anavyosomwa. Mwalimu mgeni anayejifunza lugha ya watoto wake atambuliwe wakati wa kupandishwa cheo, manake kama tunaweza kumlipa marupurupu kwa kuvumilia jua na vumbi la maeneo magumu, tunaweza kumlipa pia kwa kuongea na wakazi wake. Na maprofesa nao: makala kwenye jarida la mbali yanawapa cheo, sawa, lakini mwaka mmoja wa kukaa na walimu wa Magarini uhesabiwe pia.

Ukisema hayo yote yanahitaji bajeti na vikao, nianze na dogo. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu hutumwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Msimamizi huja, hukaa nyuma ya darasa na fomu, huweka alama: ametayarisha somo, sauti inasikika, ametumia ubao vizuri, amevaa kwa heshima. Naomba mstari mmoja zaidi kwenye hiyo fomu. Mtoto alipojibu kwa lugha ya kwao, mwalimu alifanya nini? Wekeni alama kumi hapo, muhula ujao, muone ni wanafunzi wangapi wataanza kuuliza "madzi" ni nini kabla hawajapanda matatu.